Mwiko wa Salfa

Msimu wa kupulizia mikorosho ulipofika, asubuhi ya kwetu Nkowe iligeuka ya njano kabla jua halijatoka. Mashine zilianza kunguruma umande ukiwa bado kwenye majani, kwa kuwa salfa hushika vizuri kwenye ua lenye unyevu, na upepo ukishaamka kazi imeharibika. Vumbi lilipanda juu ya matawi, likasimama hewani kama linafikiri, kisha likashuka polepole juu ya kila kitu: mapaa ya nyasi, nguo kwenye kamba, nyusi za watu. Tulilila kwenye ugali. Tulilinusa kwenye mito ya kulalia. Hakuna aliyelalamika. Bila salfa, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ungekausha maua yote, na mwaka mzima ungekauka nayo.

Ndiyo maana macho ya mama yangu yalipobadilika rangi, hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, niko nyumbani. Mama alikuwa amekaa uani akichambua kunde. Nilimuuliza jambo, akainua uso kunijibu, jua likampiga, nikaona weupe wa macho yake umekuwa kama maji yaliyotiwa binzari. Nilisahau nilichouliza. Akasema, bila mimi kusema neno, kwamba ni salfa hiyo. Jirani aliyekuja kuazima kinu akasema ni salfa hiyo. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyekuwa akipulizia mikorosho yetu na ya nusu ya kijiji. Alipoletewa habari akasema ni salfa hiyo, akaagiza maziwa. Kwetu maziwa ndiyo dawa ya salfa. Mama akanywa.

Lakini mimi nilikulia ndani ya vumbi lile. Salfa huyafanya macho kuwa mekundu, huyaliza, huyachoma kama umeyasugua kwa pilipili. Sikuwahi kuona mtu ikimgeuza macho kuwa ya njano. Niliwaza hivyo mchana kutwa, na kila nilipotaka kulisema nilijizuia, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na neno jingine ambalo nyumbani tulilijua wawili tu.

Mama alikuwa akimeza vidonge. Vilianza kutolewa bure miaka ile, na yeye alianza kabla ya masika, baada ya kukohoa na kukonda hadi kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Baba alikuwa ameshafariki, na ugonjwa wake ulizikwa naye kwa jina la homa tu. Mama hakuchukua dawa zake Ruangwa. Ruangwa mjini angekutana na shemeji dirishani na mke wa mwalimu kwenye benchi. Alikwenda hadi Nachingwea, wilaya nyingine, ambako hakuna aliyemjua, akarudi na chupa ya plastiki ndani ya mfuko wa mchele. Watu wote aliwaambia ni dawa za kifua. Hata mjomba.

Vilimfaa. Masika yote aliyapalilia mwenyewe. Mashavu yakarudi, na ile kanga ikaanza kumbana. Vijana wa kijiweni, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wakinong'ona kwamba mama yangu naye kakanyaga waya kama mumewe, wakaanza kumtania kwamba ameolewa kwa siri. Mama alicheka kwa sauti, nami nilimwona akicheka nikaogopa kidogo, kama mtu anayeona mtoto akitembea juu ya ukuta.

Kisha salfa ikaanza, na mjomba akatoa mwiko.

Kwa watu wa kwetu mjomba si mgeni wa sikukuu. Ndiye mwenye watoto wa dada yake, ndiye mwenye dada zake pia. Akikataza jambo limekatazwa, na hakuna mwingine wa kulifungua ila yeye. Mwaka uliopita kibarua wake mmoja alirudi kutoka kupulizia, akameza dawa za malaria papo hapo, akaanguka mlangoni. Mjomba alimbeba mgongoni mwake. Tangu siku ile alikuwa na yake kichwani. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akamuuliza mama kama bado anameza zile za kifua. Mama akakubali.

"Basi zipumzishe," mjomba akasema. "Mdogo wangu, tumbo ni moja. Dawa ya mti na dawa ya mtu zikikutana humo zitapigana, na uwanja ni wewe. Salfa ikiisha, endelea. Kabla ya hapo ni mwiko."

Alipoondoka nilimwambia mama kwamba kule kliniki walisema dawa haziachwi. Akanijibu kwamba haachi, anapumzika. Nikamwambia aende akamweleze kaka yake ni dawa za nini, aone kama atakataza. Alinitazama kama nimemwomba avue nguo sokoni. Akaifunga chupa ndani ya ule mfuko wa mchele na kuusukuma chini ya kitanda.

Salfa iliendelea wiki baada ya wiki, maana maua ya mikorosho hayatoki kwa pamoja. Mwanzoni mama hakuonyesha chochote. Alijaza mashine za kaka yake, alifagia chini ya mikorosho, alikuwa na nguvu. Halafu akaanza kuichukia harufu ya kitunguu kikikaangwa. Akaanza kujikuna viganja na nyayo. Mkojo wake ukawa kama chai ya rangi. Halafu yakaja macho.

Siku aliposhindwa kujaza mashine nilimwambia tunakwenda Nachingwea. Hakubisha, na kutobisha kwake kulinitia hofu kuliko macho. Mjomba tulimwambia anakwenda kupima kifua. Nilimpakia kwenye baiskeli hadi barabarani, kisha tukapata pikapu iliyobeba magunia ya mbaazi. Njia nzima alijifunika kanga usoni. Abiria mmoja akamuuliza kama ana msiba. Akasema ndiyo.

Daktari wa kliniki alikuwa kijana kutoka mikoa ya mbali, mwenye sauti ya chini. Aliyavuta makope ya mama kwa kidole, akaminya chini ya mbavu upande wa kulia, mama akakunja uso. Akamuuliza kama ameacha dawa. Mama akasema hapana. Daktari akaendelea kumtazama. Mama akasema alipumzika kidogo.

"Ulipumzika au uliacha?"

"Nilipumzika, salfa ilipoanza."

Kijana yule hakujua salfa ni nini. Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa akijibu kwa kichwa tu, akaanza kumfundisha: ua la mkorosho linavyotoka, ubwiriunga unavyolipaka unga mweupe, umande, mashine, kwa nini upepo ni adui. Alieleza vizuri, kwa mikono, macho yake ya njano yakiwaka. Nilitamani aendelee tu, asifike mwisho wa maelezo, kwa kuwa mwisho wake ulikuwa yeye.

Daktari alitoka kwenda maabara. Kule kulikuwa na kipimo kilichowekwa kwa ajili ya wanaochangia damu, cha kuona kama mtu ana virusi vya homa ya ini. Aliomba kimoja kwa ajili ya mama. Tulikaa kwenye benchi. Nilitazama vidole vyake vikikuna kiganja, vikiacha, vikikuna tena.

Aliporudi alikaa mbele yetu, si nyuma ya meza. Alisema mama ana virusi vya aina mbili. Kimoja alikuwa anakijua. Cha pili ni homa ya ini aina B, na huenda alikuwa nacho tangu utotoni, kimya, bila kumsumbua. Vidonge alivyokuwa akimeza vilikuwa na dawa tatu ndani ya kimoja, na mojawapo ya hizo tatu ilivikandamiza virusi vyote viwili, ingawa hakuna aliyekuwa amejua inafanya kazi hiyo ya pili. Alipoacha, virusi vya ini viliamka kwa nguvu, na sasa mwili wake wenyewe ulikuwa ukishambulia ini ili uvitoe.

"Si salfa, mama," akasema. "Wala si vidonge. Ni kuviacha."

Alisema atamlaza. Atambadilishia dawa moja, kwa kuwa ile ya zamani ingeweza kulichokoza ini lililokwisha kuumia, lakini ile inayolinda ini lazima airudie leo hii, na asiiache maisha yake yote. Nikauliza kama atapona. Akasema wengi hupata nafuu. Nikaona hakusema wote.

Mama akasema amesikia, amemshukuru, lakini hawezi kumeza. Kuna mwiko.

Daktari alidhani hakusikia vizuri. Mama akamweleza. Akasema dawa iliyomezwa juu ya neno la mkubwa wake haitakaa mwilini. Itakuwa kama mbegu iliyopandwa shamba la ugomvi. Kijana yule akajitahidi kwa upole, halafu upole ukamwishia.

"Mama, mjomba hana ini lako."

"Ni kaka yangu," mama akamsahihisha. "Mwenye mjomba ni huyu binti."

Usiku ule hakumeza. Asubuhi hakumeza. Nesi alileta vidonge ndani ya kifuniko cha chupa na kuvirudisha. Niliombwa nimwite mjomba, nikapeleka ujumbe kwa dereva wa pikapu, nikabaki nikiyatazama macho ya mama kila nilipoweza kufanya hivyo bila yeye kujua. Nilikuwa na jambo la kuogopa kwa kila upande. Asipokuja, mama atakufa akitii. Akija na kuambiwa ukweli, anaweza kusimama na kuondoka, na mwiko ukabaki palepale, wa milele.

Alikuja siku iliyofuata, saa za kuona wagonjwa, kwa baiskeli, nguo zake zikiwa bado na vumbi la kazi. Alikuwa na kidumu cha maziwa kilichofungwa kwa mpira nyuma. Aliwasalimia wagonjwa wote wodini kitanda kwa kitanda, akamtania bibi mmoja kwamba amelala kama mwari anayesubiri posa, kisha akafika kwa mama na utani ukamtoka usoni. Alimtazama macho. Akaanza kumimina maziwa.

Nesi akaja na kifuniko chake. Mjomba akainua kiganja.

"Subiri kwanza, mwanangu. Huyu ana salfa mwilini. Akipata nafuu atameza."

Nesi alisimama. Hakuruhusiwa kusema vidonge ni vya nini, na alinitazama mimi, nami nikamtazama mama.  Mama akaniomba nimwinue. Tulimtoa nje, mimi bega moja na mjomba bega la pili, tukamkalisha kwenye ukingo wa baraza, karibu na kamba za nguo. Alisubiri mwanamke aliyekuwa akianua mashuka aondoke. Kisha akasema kwa Kimwera, kwa sauti ya mtu anayeomba maji:

"Kaka, zile si za kifua. Ni za ugonjwa uliomchukua baba yake huyu."

 Mjomba alitazama mikono yake mwenyewe, kucha zikiwa na salfa pembeni.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya masika."

"Na mimi nikakukataza."

"Ulikataza za kifua," mama akasema. "Hizi hukuzijua."

Akamweleza na ini, kama daktari alivyomweleza, kwa maneno machache kuliko yake. Alipomaliza, mjomba alisimama. Akatembea hadi kwenye bomba lililokuwa mwisho wa baraza, akalifungua, akaanza kunawa.

Alinawa muda mrefu. Nilijua watu hunawa. Nilikuwa nimemwona shangazi yangu akinawa baada ya kumpa baba mkono, mbele ya baba, na baba akijifanya anatazama kuku. Mjomba alisugua viganja, akasugua vifundo, akaokota changarawe na kukwangua kucha. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, hakutaka kuona. Nikawaza: akimaliza hapo atachukua baiskeli yake. Nikawaza nitamshika mguu. Nikawaza kwamba nitamlaani, nami sikujua kulaani kwa Kimwera.

Alifunga bomba. Akarudi akiwa ameinua mikono yake mbele kama mpasuaji, maji yakidondoka kwenye viwiko, na akamwita nesi aliyekuwa bado mlangoni.

"Vilete. Sikutaka kuvishika kwa mikono yenye salfa."

Alivipokea ndani ya kiganja chake safi, akavitazama, vitu vidogo namna ile, kisha akavihamishia kwenye kiganja cha mama.

"Nilifunga mimi, nafungua mimi," akasema. "Meza."

Mama akameza. Sote tulimtazama koo.

Ningependa kusema macho yalisafika. Yalizidi. Siku zilizofuata, mjomba akiwa amebaki nasi, njano ilishuka hadi kwenye ngozi ya kifua na kwenye viganja. Akawa analala mchana, ukimwamsha anakutazama kwanza kama hakujui. Kila asubuhi daktari alimwambia anyooshe mikono mbele, vidole juu, kama mtu anayesimamisha gari, naye alivitazama vile vidole bila kupepesa. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema anatazama kama vinapapatika, maana ini likizidiwa, sumu hupanda kichwani. Tangu hapo nami nikawa naomba vidole vile vitulie. Vilitetemeka kidogo, vikatulia. Vilitetemeka, vikatulia.

Daktari alikuwa amesema pia kwamba homa ile ya ini mara nyingi mtoto huipata kwa mama yake anapozaliwa, au kwa watoto wenzake na vidonda vya michezo, kwa hiyo ndugu wote na watoto wapimwe. Mimi sikukutwa nayo. Mjomba alikutwa nayo, imelala, haijamfanya kitu. Aliambiwa awe anakuja kuangaliwa. Alirudi wodini akiwa ameshikilia pamba kwenye mkono, akakaa kitandani kwa dada yake.

"Kumbe hata hili tumegawana," akasema. "Kwenye mihogo ya mama ulikuwa unanipunja, huku umekuwa mkarimu."

Mama akacheka bila sauti, macho ameyafumba. Kisha akayafumbua na kumshika kaka yake mkono.

"Kaka, naona yanazidi. Tangu nimeanza kumeza yanazidi. Rudisha mwiko."

 Mjomba naye alikuwa akiyaona macho. Yeye ndiye aliyembeba yule kibarua mgongoni, na mbele yake sasa alikuwa na dada yake, anameza dawa na anazidi kuwa wa njano, kama vile alivyotabiri. Kila alichokuwa amekiona maishani kilimwambia arudishe. Upande wa pili kulikuwa na neno la kijana asiyejua hata salfa ni nini.  

"Neno langu nimeshalitoa," akasema hatimaye. "Sina lingine. Meza."

Akameza.

Nafuu ilianza mahali ambapo hatukupatarajia. Mtu wa kitanda cha jirani aliletewa mchuzi wa kitunguu, na mama, ambaye kwa majuma mengi alikuwa akifunika pua, aligeuza kichwa na kuuliza umepikwa na nani. Siku moja baadaye akaomba ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Akala vijiko, si tonge, lakini akala. Mkojo ukapauka. Macho yalikuwa ya mwisho, nayo hayakufanya haraka.

Tuliporuhusiwa, daktari alimwita mjomba pamoja nasi. Akasema sasa ndipo anapoogopa zaidi. Macho yakiwa ya njano mgonjwa humeza kwa hofu. Yakiwa meupe husahau.

"Hata yakiwa meupe kama korosho iliyobanguliwa," mjomba akamjibu, "huyu atameza."

Alisema kwa nguvu, na daktari akatabasamu, akamwandikia mama siku ya kurudi. Mimi nilikuwa nikimtazama mama. Alikuwa amegeuka kumtazama kaka yake, kama alivyogeuka wodini kila nesi alipokuja. Hakuwa amewahi kupokea kidonge bila kumtazama kwanza. Na mjomba alikuwa mtu mzima, mwenye homa ya ini iliyolala, anayefanya kazi chini ya wingu la salfa kila mwaka bila hata kitambaa puani.

Njiani, mjomba alipotangulia kutafuta gari, nilimuuliza mama swali nililokuwa nalo tangu wodini. Nilimuuliza, siku kaka yake asipokuwepo, nani atamwambia ameze.

 Akaivuta kanga, si kufunika uso, ila kujikinga jua.

"Utaniambia wewe," akasema. "Nawe ujifunze kusema kama yeye. Ukisema kwa kubembeleza hivyo, sitakusikia."